Herufi za Sawadogo

Cherehani yangu iko Kamalondo,
mlango wa tatu baada ya duka la simenti.
Kila msimu ukianza timu inaniletea jezi
ndani ya gunia la mahindi lililofuliwa.
Mimi hukata majina.
Kitambaa cheupe, chaki, mkasi,
franka mia tano kwa herufi.
Vile vialama vya juu vya Kifaransa natia bure.

Mwaka ule orodha ilikuja na majina ya mbali:
Chisanga wa Kitwe, jina la jirani, halisumbui;
Gnahoré wa Abidjan, G na N zikisukumana mlangoni;
na Sawadogo wa Bobo-Dioulasso, herufi nane,
namba kumi na moja.

Kumi na moja!
Namba aliyoahidiwa Monga,
mwanangu, mguu wa kushoto,
aliyeujua mpira ukiwa bado mifuko na kamba
kwenye vumbi jekundu la Katuba.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji wangu alipona benchini,
msimu mzima, kizibao cha kijani kifuani,
akipasha misuli kando ya mstari
kama maji yaliyochemka
na unga haujanunuliwa.

Nitasema, maana siri ya nguo iko upande wa ndani:
W yake niliishona vibaya. Makusudi.
Mishono mitatu, ya kuazima.
Mechi ya kwanza, dakika ya ishirini,
ikaning'inia mgongoni kama sikio la mbuzi
na jukwaa la juani likaangua kicheko.
Akafunga bao hivyo hivyo.

Jioni akaja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.
Umeme ulikatika tangu mchana.
Akavua jezi, akaniomba sindano
kwa Kiswahili cha siku tisa:
"Mama, naomba shindano."
Nikajibu moyoni: la shindano umeshalileta.

Akaketi kizingitini, kwenye mwanga wa mwisho,
akashona mwenyewe, mishono midogo, iliyonyooka,
ya mtu aliyelelewa chini ya meza ya fundi.
Baba yake, alisema. Cherehani ya miguu.
Kisha akanusa sombe yangu jikoni
na sikumfukuza.

Mishahara ilichelewa miezi minne.
Chisanga alirudi kwao, Kasumbalesa si mbali.
Gnahoré alikuwa na mjomba mwenye tiketi.
Sawadogo alikula bukari kwangu kwa daftari
na uani, katikati ya kamba za nguo,
alimfundisha Monga
kumdanganya beki kwa bega
huku mguu ukiwa bado unafikiri.

Aliondoka Julai, asubuhi ya baridi, mfuko mmoja.
Hakulipa yote.
Sikupiga jumla.

Timu ikarudisha jezi: toa jina hilo.
Nikalifumua kwa wembe, herufi moja moja.
O, G, A zikaingia Monga.
M na N nilikata mpya, zikang'aa
kuliko wenzao, kama watoto wa mke mdogo.
Zilizobaki, S, A, W, D na O ya pili,
ziko kwenye kopo la maziwa ya unga
pamoja na vifungo vilivyopoteza mashati.

Sasa mgeni ni Monga.
Ndola, ng'ambo ya mpaka,
kwenye orodha ya watu nisiowajua,
ndani ya namba ya mtoto wa mtu.
Juzi ametuma picha, amegeuza mgongo
nione jina.

MOONGA.
O mbili. Huko ndivyo wanavyoliandika.

Nimeikuza picha kwa vidole viwili,
nimeitazama kama fundi, si kama mama.
O ya pili imeshikwa juu tu,
chini inapepea.

Dada yangu usiyenijua, wa cherehani ya Ndola,
wako yuko benchi gani?

Usiku nimemwandikia mwanangu:
nenda kwake, omba sindano.
Utamke vizuri.